Mama mkwe anataka kunilipia mtihani, naogopa kufeli na fedha yake

Shangazi, shikamoo.

Naomba jina langu lisitajwe, wala la kampuni ninakofanya kazi, maana Morogoro si mji mkubwa. Nina miaka 32, nimeolewa na nina watoto wawili. Nina stashahada ya TEHAMA na ni fundi wa mitandao ya kompyuta. Kampuni yetu ni ndogo, makao makuu yako Dar es Salaam, na inafunga mitandao kwenye shule, zahanati na ofisi. Huku Morogoro mimi ndiye ninayepanda darini, ninayevuta kebo, ninayefunga swichi za mtandao ukutani na kupanga VLAN, yaani mitandao midogo iliyotenganishwa, za wahasibu na za wanafunzi zisiingiliane. Nikiondoka mahali, mtandao unafanya kazi. Hilo hata bosi analikubali.

Mwaka jana bosi alitukusanya akasema zabuni za serikali zinazopitia NeST, mfumo wa ununuzi wa serikali wa mtandaoni, zinamtaka aambatanishe wasifu wa watu wenye vyeti vya kimataifa, na yeye anataka CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco. Atakayekipata atafanywa msimamizi wa mitandao na mshahara utapanda. Niliposikia hivyo nikajua ni zamu yangu. Mtihani wenyewe ni dola 300, kwa fedha yetu zaidi ya laki saba, lakini nilijibana nikaipata.

Mara ya kwanza nilichagua kufanyia nyumbani, kwa kompyuta, ili nisisafiri na kuacha watoto. Shangazi, sijui kama unayajua masharti yao. Chumba kiwe kimya, meza iwe tupu, unapiga picha pande zote za chumba, kamera inakutazama muda wote, huruhusiwi kusoma swali kwa sauti hata kwa kunong'ona, na mtu mwingine asiingie kabisa. Mume wangu aliwachukua watoto akaenda nao kwa dada yake Kihonda. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alikuwa msibani Kilosa na tulimtegemea jioni.

Akarudi mchana. Akakuta nyumba kimya, mlango wa chumbani umefungwa, akadhani naumwa. Akapika uji. Mimi niko katikati ya swali, mlango ukafunguliwa, nikasikia, "Mwanangu, hujatia kitu tumboni tangu asubuhi." Amebeba kikombe na sahani ya viazi. Msimamizi aliyekuwa ananitazama kwa kamera hakuuliza mara mbili. Mtihani ukasitishwa, na fedha haikurudi.

Sikumwambia mama lolote. Ningemwambia nini? Nilikunywa ule uji.

Mara ya pili nilikopa SACCOS ya kazini, nikapanda treni ya SGR asubuhi na mapema, nikafanyia kwenye kituo Dar es Salaam. Huko hakukuwa na wa kunifungulia mlango, lakini nilifeli. Mapema kabisa nililetewa zoezi la kupanga ruta (kifaa kinachoelekeza data kati ya mitandao) na swichi kwa vitendo. Mikono ikaanza kutetemeka, nikakaa nalo mno. Na ule mtihani ukishaliacha swali huwezi kulirudia, kwa hiyo nilikuwa naogopa kubonyeza. Kuangalia saa, muda umekwisha zaidi ya nusu na maswali bado mengi. Ya mwisho nilijibu kama anayeokota mawe gizani.

Karatasi ya matokeo inaonyesha asilimia za kila sehemu. Kwenye swichi na VLAN nina 90. Huduma kama DHCP (kugawa anwani) na NAT (kutafsiri anwani) nina 70. Usalama 60. Kwenye uelekezaji wa IP, yaani mambo ya ruta na OSPF (utaratibu wa ruta kufundishana njia), nimepata 44, na kwenye otomatiki 30. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, kwa sababu mitandao ninayofunga inafanya kazi kila siku. Naona kama mtihani huu unatuonea sisi wa vitendo.

Sasa kilichonifanya nikuandikie. Mume wangu alimweleza mama yake ule uji ulitugharimu kiasi gani. Sikumtuma. Mama alilia sana, na siku ya pili, mbele ya mashemeji waliokuja kutusalimia, akasema, "Mlango niliufungua mimi, mtihani nitalipa mimi." Anauza vitumbua, Shangazi. Kikoba chao kinakaribia kuvunjwa na mgao wake alikuwa amepanga kununulia bati za nyumba yake ya Kilosa. Mume anasema, "Pokea, si ametoa mwenyewe kwa moyo wake?" Mashemeji nao wanaulizia, "Mtihani lini?" kila wakipiga simu.

Kazini kuna kijana mwenzangu aliyepata cheti mwaka jana kwa madampu, yale mafaili ya maswali na majibu yanayouzwa Telegram. Hafichi. Sasa ndiye msimamizi wa mitandao, na akikwama na swichi ananipigia mimi. Ameniambia kwa elfu hamsini atanipa yote, nikariri wiki mbili, nikafaulu. Bosi nilimgusia kwa mbali, akasema, "Cheti ni cheti."

Zamani ningemkatalia palepale. Lakini nikifikiria bati za mama, naona kubahatisha kwa fedha yake ndiyo dhambi kubwa zaidi. Afadhali nikariri nipate uhakika, kuliko nifeli kwa uaminifu na mama alale kwenye nyumba inayovuja. Au nikatae fedha na niache kabisa habari za cheti? Silali vizuri. Watoto wakigonga mlango nashtuka.

Nishauri Shangazi.

Fundi wa Kebo, Morogoro

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze kwa kukueleza kwamba masharti hayo nayajua. Kabla sijashika kalamu hii nilifundisha mitandao chuoni kwa miaka mingi, na nimewaona vijana hodari, wanaofunga seva huku wanapiga soga, wakitoka chumba cha mtihani wamelowa jasho. Kwa hiyo barua yako sikuisoma kama mgeni. Na nikiri kwamba nilipofika kwenye sahani ya viazi nilicheka, kisha nikaona vibaya kwa kucheka. Siku moja hata wewe utaisimulia ukicheka. Bado haijafika siku hiyo.

Nikikusoma vizuri, unaniletea mambo manne yaliyofungwa pamoja kama kebo zisizo na lebo. Kuna fedha ya mama mkwe, na uzito wake. Kuna mtihani ambao mara moja ulikatizwa na mara moja ukakushinda kwa kuishiwa muda. Kuna madampu. Na kuna cheo ambacho mwenzako amekipata na wewe unaona ni chako. Umeyafunga kwa hesabu moja: fedha ni ya mama, kwa hiyo lazima nifaulu, kwa hiyo nikariri. Ningependa tufungue kila moja peke yake, kwa sababu sina hakika kwamba moja linazaa jingine.

Tuanze na mama. Unaamini kwamba akikupa fedha, anakununulia kufaulu, na ukifeli utakuwa umemwibia. Je, amekwambia hivyo? Katika barua yako amesema jambo moja tu, kwamba aliufungua mlango yeye na atalipa yeye. Mimi nikisikia maneno hayo nasikia mama anayetaka kutua mzigo. Ameambiwa, na si na wewe, kwamba uji wake uliteketeza laki saba. Wewe ulinyamaza kwa heshima, na nakuelewa, mkwe humkaripii. Lakini kwa vile ulinyamaza, mpaka leo hajasikia kutoka kinywani mwako kwamba humlaumu. Anachoweza kufanya ni kutoa fedha. Huenda, nasema huenda, mkikaa wawili jikoni bila mashemeji ukamwambia, "Mama, uji ule niliunywa, na sina kinyongo," habari ya bati na mtihani itabadilika sura. Anaweza kusema bado anataka kulipa. Anaweza kushusha pumzi na kununua bati zake. Vyovyote, mtakuwa mnazungumza habari ya fedha, badala ya kuzungumza habari ya kosa kwa kutumia fedha.

Ukipokea, basi mpatane masharti mapema. Je, ni zawadi au mkopo? Ukifeli itakuwaje? Nani atamwambia na lini? Hatari yake unaiona mwenyewe: msimu wa mvua ukifika kabla hujamrudishia, utakuwa unahesabu matone. Ukikataa, kuna hatari ambayo labda hujaiona. Mama wa umri wake aliyetamka neno mbele ya watu, kisha likarudishwa, anaweza kuhisi hajasamehewa. Kuna na njia ya katikati. Achangie sehemu, au achangie kitu kisicho fedha: awe ndiye anayekaa na watoto kwa saa mbili kila jioni wakati unasoma. Usikidharau. Nyumba ya watoto wawili, saa mbili za kimya zina bei. Na mwenye kulinda mlango akiwa ni yeye, nadhani hata moyo wake utatulia.

Mumeo naye. Anasema pokea, si ametoa mwenyewe. Ndiye pia aliyempelekea mama habari bila kukuuliza. Simlaumu, pengine alidhani anakutetea. Lakini ni yeye anayeweza kuwaambia ndugu zake waache kuulizia tarehe, kwa sababu kila wanapouliza mtihani unakuwa wa ukoo mzima. Je, umemwomba hivyo waziwazi, au umesubiri aelewe mwenyewe?

Sasa karatasi ya matokeo, na hapa uniruhusu nirudi kuwa mwalimu. Wewe umeisoma kama hukumu. Mimi nimeisoma kama picha ya eksirei. Umepata 90 kwenye swichi na VLAN, yaani kazi unayoifanya kila siku. Halafu 44 kwenye uelekezaji wa IP. Niambie, mnapofunga mtandao wa shule, ruta huwa inapangwa na nani? Nakisia kwamba inapangwa na mtu wa Dar es Salaam kwa mbali, wewe unachomeka kebo na kumpigia simu kwamba taa imewaka. Kama nimekosea unisamehe. Kama nimepatia, basi mtihani haukuonei wewe wa vitendo. Unakuuliza habari ya vitendo ambavyo kazini hujapewa nafasi ya kuvifanya. Na sehemu hiyo ndiyo nzito kuliko zote, asilimia 25 ya mtihani mzima. Otomatiki, uliyopata 30, ni asilimia 10 tu. Wengi huona ile 30 wakakimbilia huko kwa sababu inaumiza macho. Anayetaka kuokoa alama huanza na ruta.

Nikupe mfano mmoja, uone mitego yenyewe inavyokaa. Ruta ina njia ya tuli, yaani iliyoandikwa kwa mkono, kwenda 10.1.0.0/16 (namba baada ya mkwaju ni kinyago, yaani biti ngapi za mwanzo zinautambulisha mtandao), na OSPF imeifundisha njia nyingine kwenda 10.1.5.0/24. Pakiti inakwenda 10.1.5.9. Itapita wapi? Aliyesoma juujuu atasema njia ya tuli, kwa sababu amekariri kwamba tuli ina namba 1 na OSPF ina 110, na ndogo ndiyo inayoaminiwa. Ruta itachukua ya OSPF. Kwanza hutazama anwani ipi inalingana kwa biti nyingi zaidi, na /24 inaipita /16. Zile namba 1 na 110 hutumika pale njia mbili zinapokwenda mtandao uleule wenye kinyago kilekile. Ukilielewa hili kwa kulijaribu, hutalisahau hata mikono ikitetemeka. Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao, ni ya bure, unajisajili tu kwenye mafunzo ya Cisco Networking Academy. Jenga ruta tatu humo, zivunje, uzijenge tena. Kompyuta ya kawaida inatosha.

Hofu ya zoezi la vitendo na ya kutorudi nyuma haina dawa ya maneno. Lakini mazoezi yako yalifanana na mtihani? Wengi hujipima kwa maswali kumi kumi, wakiwa wamekaa kitandani, na wakikosa wanarudi kuangalia. Halafu wanashangaa dakika 120 mfululizo zinawavunja. Jaribu kujipima kwa saa, mezani, bila kurudi nyuma, na ujiwekee kikomo cha zoezi la vitendo. Kikomo kikifika, hifadhi ulichopanga na uende mbele hata kama hakijakamilika. Wa kwangu niliwafundisha kitu kimoja zaidi: ukikabidhiwa ule ubao wa kufutika pale kituoni, kabla ya lolote andika namba za vinyago: 128, 192, 224, 240, 248, 252, 254, 255. Mkono ukishaanza na kitu unachokijua, unatulia. Halafu swali la /26 lina hosti (vifaa) ngapi halikuchukui muda, anwani 64, mbili zinatoka, unabaki na 62.

Hapo hapo nikuulize kuhusu mahali. Mara hii kama ipo, ni nyumbani au kituoni? Nyumbani kuna nafuu ya nauli, lakini unasema watoto wakigonga mlango unashtuka. Kituoni kuna treni ya alfajiri na uchovu, pengine ulale kwa ndugu usiku wa kuamkia. Hakuna kilicho rahisi. Ila ungechagua kwa kuujua mwili wako ulivyo sasa, badala ya kuchagua kwa nauli.

Tufike kwenye madampu. Sitakuhubiria. Mwenyewe umesema zamani ungekataa palepale, kwa hiyo msimamo wako unaujua. Nitakachohoji ni neno ulilotumia: uhakika. Unadhani elfu hamsini inanunua uhakika. Mafaili yale mara nyingi yana majibu yaliyokosewa, na mnunuzi asiyejua ruta hawezi kujua lipi limekosewa. Agosti 2024 Cisco walisasisha mtihani huu kuwa toleo la 1.1, wakaongeza mambo kama akili mnemba, kwa hiyo alichokariri aliyetangulia huenda hakifanani na utakachokuta. Na zoezi la vitendo, lililokushinda, ukilikariri kisha likaja na anwani nyingine utarudi palepale, mikono ikitetemeka, safari hii bila hata maarifa ya kukushika. Kumbuka pia kwamba kila anayefanya mtihani huu hukubali mkataba wa siri kabla ya kuanza. Cisco wakigundua udanganyifu wanaweza kufuta matokeo na kumfungia mtu asifanye tena. Sikwambii hayo humpata kila mtu. Mwenzako yuko salama mpaka leo. Nakwambia tu kwamba, kama lengo ni kulinda bati za mama, njia hii nayo inaweza kuziteketeza, na wewe ukakosa pa kumweleza.

Kuna jambo jingine ndani yake linalonigusa zaidi. Huyo kijana akikwama anakupigia wewe. Je, wewe ukikipata kwa madampu, ukapewa cheo, zabuni ikapita, na jina lako limeambatanishwa kwenye NeST kama mtaalamu wa ruta, siku OSPF ya hospitali ya wilaya ikianguka utampigia nani? Labda utajifunza ukiwa kazini, wengi wamejifunza hivyo. Labda. Ila swali hilo usiulize mimi, ujiulize wewe ukiwa umetulia. Na huyo kijana usimfanye adui. Anakupa alichonacho, na pengine yeye ndiye mwenye nafasi ya kuingia kwenye zile ruta za Dar es Salaam. Badala ya mafaili, ungeweza kumwomba akukaribishe kila anapopanga ruta, nawe uendelee kumsaidia swichi. Sijui atakubali. Akikubali, ile 44 itaanza kupanda bila ada yoyote.

Bosi wako alisema "cheti ni cheti". Neno hilo ni jepesi kwa asiyelipa. Umelipa mara mbili, mara moja kwa akiba na mara moja kwa mkopo, na atakayepata zabuni ni yeye. Je, ameahidi cheo hicho kwa maandishi? Na kama nafasi ya msimamizi ameshapewa mwenzako, ipo ya pili? Nauliza kwa sababu unajiandaa kutoa bati za mama kwa ajili ya kiti ambacho huenda kimeshakaliwa. Ungemwandikia barua pepe fupi yenye adabu: nikifaulu, nitapewa kazi gani, kwa mshahara upi, na je, kampuni inaweza kuchangia ada au kunirudishia nikifaulu? Anaweza kukataa. Anaweza pia kukuona msumbufu, hiyo ni hatari ya kweli kwenye kampuni ndogo. Lakini jibu lake, hata la kukwepa, litakusaidia kujua unakimbilia nini. Cheti chenyewe kinaishi miaka mitatu, baada ya hapo unakihuisha. Ukikipata wakati kampuni haina nafasi, miaka hiyo inaanza kuhesabika hata hivyo, ingawa ni kweli pia kwamba cheti ni chako, na unaweza kuhama nacho.

Umeuliza na habari ya kuacha kabisa. Unaweza. Usifikiri nitashtuka. Kuna mafundi wanaoishi vizuri bila CCNA. Kuna wanaoanza na MTCNA, cheti cha kampuni ya MikroTik, kwa sababu vifaa vyake vimejaa kwenye kampuni zetu za intaneti, na mtihani wake unakuja baada ya mafunzo darasani na mwalimu. Huenda bosi hautaki, uliza kwanza. Kuna pia kuahirisha, ambako si kuacha. Baada ya kufeli, Cisco wanataka usubiri siku tano tu, lakini hakuna aliyekuamuru urudi siku ya sita. Ukiahirisha mpaka mkopo wa SACCOS uishe, utapoteza zabuni ya mwaka huu, na maneno ya mashemeji utayasikia. Utapata usingizi. Mimi siwezi kukupimia kipi kizito, kwa sababu sikai kwenye nyumba hiyo.

Nikuambie kitu kidogo tu cha pembeni, maana najua mafundi wanawake huambiwa mengi huko darini. Ile STP, kanuni inayozuia swichi zako zisizungushe pakiti bila mwisho ilibuniwa mwaka 1985 na mwanamke, Radia Perlman. Unafanya kazi yake kila siku na umepata 90.

Usiku huu usiamue lolote, hasa kama hujalala vizuri kwa siku kadhaa. Kama kushtuka na kukosa usingizi kutaendelea hata mtihani ukiwa mbali, zungumza na daktari, hilo halina aibu. Lakini jambo moja lina tarehe yake na halikungoji: kikoba. Fedha ya mgao ikishafika nyumbani kila mtu atakuwa na neno juu yake. Muulize mama, kwa upole, kinavunjwa lini, na ufanye yale mazungumzo ya jikoni kabla ya siku hiyo. Halafu, kama hutajali, niandikie tena uniambie ruta za Dar es Salaam zinapangwa na nani. Nimebaki nalitaka jibu hilo.